Viti Mia Tatu na Pua Moja

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya dhuluma. Naiandika ili haki ikija kunitafuta ijue pa kuanzia.

Mkurugenzi alituita saa tatu. Akakumbusha kwamba mwezi uliopita hifadhidata ilianguka, na kliniki thelathini na nne zinazotunza miadi yao kwetu zikakaa asubuhi nzima bila kujua mgonjwa yupi ni wa daktari yupi. Akasema aibu ile hairudiwi. Hifadhidata iwekewe kengele: ikianza kuelemewa, itume ujumbe kwenye simu zetu kabla haijazimia. Na baada ya wiki mbili atateua Mkuu wa Uangalizi. Ofisi yenye dirisha. Kiti chenye mikono.

Nikajiweka sawa. Miaka kumi na moja nipo hapa. Nilianza kwa kuvuta nyaya darini, vumbi mpaka kwenye kope. Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza mwenyewe kwa kitabu nilichookota, kisicho na jalada wala sura ya mwisho. Mpaka leo sijui sura hiyo ilihusu nini, na sijawahi kuihitaji.

Mkurugenzi akamgeukia Shahada. Huyu ni binti aliyekuja mwaka jana na cheti chake cha chuo kwenye fremu. Jina lake silitumii. Akamwambia aandike kengele hizo, na mimi nimsaidie. Nimsaidie! Shahada akanitazama kwa heshima, akasema atashukuru, mzee. Mzee. Nina miaka arobaini na mmoja.

Kabla ya chakula cha mchana alikuwa na kengele saba, kila moja na maelezo yake. Muhimu kuliko zote ni ya viti. Nieleze hapa, maana kizazi kijacho hakitaelewa. Hifadhidata yetu haikai ofisini. Tumeikodia nafasi kwenye wingu, yaani kwenye kompyuta za kampuni nyingine huko mbali, nao wanaruhusu programu mia tatu tu kuingia kwa mpigo. Mimi nafasi hizo naziita viti. Programu inakaa, inauliza swali lake, inainuka. Viti vikijaa, anayefuata anabaki mlangoni, na simu za kliniki zinaanza kulia. Shahada ameweka kengele ilie kwa wote vikifika viti mia mbili na sabini.

Nina mpango. Nitatengeneza kengele yangu ya siri, ilie kwenye simu yangu peke yangu, vikifika mia mbili na kumi. Nitajua kabla yao. Nitasimama katikati ya ofisi niseme, jamani, kuna kitu kinakuja. Kisha kitakuja. Tuone kiti chenye mikono atapewa nani.

Nyumbani, mama mkwe bado yupo. Wiki ya saba. Ni fundi cherehani, lakini ugonjwa wa mtoto wa jicho umemfunika macho yote mawili, na sasa ni miaka miwili hajatunga uzi kwenye sindano. Amesubiri miezi mitano kupasuliwa jicho la kulia. Zamu yake ni Alhamisi ya wiki ijayo, kwenye kliniki ya macho ambayo ni mteja wetu. Akiona, atarudi kwake akashone. Tunamwombea sote. Mimi nazidisha.

Amekalia kiti changu cha dirishani, kwa sababu ya mwanga.

Jumanne, 4 Machi

Kengele ya siri iko tayari. Inaishi kwenye kompyuta kongwe chini ya meza yangu, nimeifunika kwa koti. Kila dakika moja inaingia kwenye hifadhidata, inakaa, inahesabu waliokaa, inaniletea idadi. Imenichukua saa mbili. Shahada angeandika kwanza kurasa tano za utangulizi.

Idadi imenishtua. Wiki iliyopita, kwenye msongamano wa asubuhi, viti vilivyokaliwa havikuzidi mia moja na thelathini. Leo mia moja na tisini! Sitini zaidi, kwa siku moja. Hakuna aliyeona ila mimi. Ugonjwa upo na unakua. Ningechelewa siku mbili tu kuanza kuangalia, ungetukuta tumelala.

Lakini mia moja na tisini si mia mbili na kumi. Simu haikutetemeka. Nimekaa nayo mkononi kutwa kama mchumba aliyeahidiwa.

Mke wangu ameniuliza lini nitapaka rangi chumba anacholala mama. Nilimwambia mama tangu siku ya kwanza kwamba nimekipaka. Aliuliza rangi gani, nikamwambia ya maziwa. Alisema anahisi kabisa chumba kinang'aa. Sasa kipakwe cha nini?

Jumatano, 5 Machi

Dakika nzima ni muda mrefu. Mengi yanaweza kutokea katikati. Nimeirekebisha iangalie kila nusu dakika.

Saa nne asubuhi simu ikatetemeka. Mia mbili na kumi! Kisha mia mbili na thelathini. Nikainuka. Nikaenda moja kwa moja kwa Mkurugenzi, nikamwambia nasikia kitu kinakuja. Akaacha chai yake. Akawaita wote. Tukasimama mbele ya skrini kubwa kama watu wanaosubiri mwezi uandame. Ikapanda hadi mia mbili na hamsini, ikatulia hapo hapo. Dakika arobaini. Haikuongezeka hata kiti kimoja.

Chai ya Mkurugenzi ilipoa. Shahada akasema, bila hata kucheka, kwamba labda tungoje kengele yenyewe ilie, ndiyo kazi yake. Mhasibu alicheka kwa niaba yake.

Jioni nikawaeleza nyumbani, kwa lugha ya kawaida, kuhusu viti mia tatu na jinsi vinavyojaa siku hizi kuliko zamani. Mke wangu alikuwa anapiga pasi. Mama mkwe alikuwa kwenye kiti changu, uso umeelekea sauti yangu.

Akauliza, "Sasa baba, hao waliokaa ni kina nani?"

Nikamwambia idadi ndiyo muhimu, mama.

"Mimi nikikuta wateja wamejaa kibarazani kwangu, siwahesabu. Nawauliza wamefuata nini."

Nikacheka kwa adabu. Wazee wetu hawa. Mtu anazungumza hesabu, yeye anazungumza kibaraza.

Alhamisi, 6 Machi

USHINDI!

Kila sekunde ishirini. Niliiwasha saa tatu kamili. Saa tatu na dakika ishirini na saba simu ikatetemeka: mia mbili na kumi. Safari hii sikukimbilia kwa Mkurugenzi. Nilitembea polepole katikati ya meza, nikasimama, nikavuta pumzi puani kama mtu anayenusa mchele unaoungua. Nikasema, taratibu, kwamba kuna kitu. Mhasibu akaguna. Nikarudi kukaa.

Dakika ishirini kamili baadaye, kengele ya Shahada ikalia kwenye simu zote kwa mpigo. Mhasibu aliangusha kalamu. Dakika kumi zaidi, viti mia tatu vikajaa, kliniki zikaanza kupiga. Shahada alikuwa bado anafungua grafu zake. Mimi nikaizima hifadhidata, nikaiwasha. Wote wakainuliwa, viti vikawa vitupu. Kimya.

Ikaugua mara tatu kabla ya chakula cha mchana. Mara zote tatu nilinusa. Mara zote tatu nikaiponya. Mkurugenzi alinishika bega mbele za watu. Akasema elimu ni nzuri, lakini kuna watu wamezaliwa nayo.

Nilimtazama Shahada. Alikuwa anaandika kitu kwenye daftari. Andika, binti, andika.

Ijumaa, 7 Machi

Naitwa Pua. Ofisi nzima. Mlinzi wa mlangoni amenisalimia hivyo, nami nikaitika. Mhasibu, yule yule wa kucheka, ameniuliza kwa sauti ya chini kama gari lake litawaka jioni. Nilinusa. Nikamwambia litawaka, ila kwa tabu. Litawaka kwa tabu kila siku, gari lile, lakini alivyoshukuru!

Nimeibadilishia jina programu yangu. Kila inapoingia kwenye hifadhidata inajiandikisha kama "pua". Ni haki yake.

Shahada alikuja mezani kwangu. Aliniita kaka, hatua mbele. Akasema grafu zake zinaonyesha viti vilianza kuongezeka Jumanne, na akauliza, kama nakumbuka, nini kilibadilika Jumanne. Nikamwambia mambo mengi hubadilika Jumanne. Akauliza kuna nini chini ya koti. Nikamwambia ni koti.

Jambo la kitaalamu, niliandike nisije nikalisahau: kila dakika, ilifika mia moja na tisini. Kila nusu dakika, mia mbili na hamsini. Kila sekunde ishirini, ikaanguka. Maana yake iko wazi. Kadiri ninavyoiangalia kwa karibu ndivyo inavyozidi kuugua. Kwa hiyo inahitaji kuangaliwa kwa karibu zaidi.

Kwa nini iwe hivyo, sijui. Waliosoma watafute sababu. Mimi natafuta matokeo.

Jumapili, 9 Machi

Mkurugenzi haruhusu kompyuta za mezani kuwaka wikendi, kwa ajili ya umeme. Kwa hiyo tangu Ijumaa jioni sina habari. Kliniki nyingine hufungua Jumamosi, na nasikia hifadhidata haikuyumba hata kidogo siku nzima. Sishangai. Mgonjwa asipotazamwa hujikaza.

Mama mkwe leo alimpapasa mjukuu wake uso mzima kwa vidole, paji, pua, kidevu, akasema anasubiri kuona kama kweli amefanana na babu yake. Alhamisi si mbali. Nilijifanya natafuta miwani.

Sivai miwani.

Jumatatu, 10 Machi

Habari kubwa. Wenye hisa wa kampuni wanakuja Jumatano saa tatu asubuhi, kwa nusu saa. Mkurugenzi amewasimulia habari zangu. Anataka wajionee. Akasema, huku akifunga mlango, kwamba hifadhidata ikiugua wakiwepo nami nikainusa mbele yao, barua ya Mkuu wa Uangalizi itasainiwa hapo hapo, na wino haujakauka nitakuwa nimeshakaa.

Shahada aliomba neno. Akasema kabla ya maonyesho yoyote anahitaji robo saa aitoe orodha ya viti, jina kwa jina, aone nani anakaa bila kuinuka. Akasema pia Jumatano asubuhi ni wakati mbaya wa kucheza, kwa sababu ya uthibitisho.

Hapo nieleze, maana ni kazi ya mikono yangu. Zamani mgonjwa wa upasuaji akikosa kutokea, zamu yake ilipotea bure. Nikaandika kanuni: siku moja kabla ya upasuaji, kati ya saa mbili na saa nne asubuhi, karani wa kliniki lazima athibitishe kila jina. Jina lisilothibitishwa, saa nne ikigonga, zamu inakwenda kwa anayefuata kwenye foleni. Haina huruma, haina upendeleo, haiombwi. Ni kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuandika. Na jina la mama mkwe litathibitishwa Jumatano hiyo hiyo.

Mkurugenzi alimwambia Shahada orodha yake ingoje mpaka wageni waondoke. Binti akatoka na daftari lake. Nilimfungulia mlango. Mtu hushinda na adabu zake.

Jumanne, 11 Machi

Siku ya hesabu. Hapa ndipo wenye vyeti huachwa nyuma.

Wageni wanakaa nusu saa. Kwa sekunde ishirini, hifadhidata huchukua dakika hamsini na saba kuanguka. Watakuwa wameshaondoka. Lakini kwa sekunde kumi: kengele yangu dakika ya kumi na tatu, kengele ya Shahada dakika ya ishirini na tatu, kuanguka dakika ya ishirini na nane. Nikiwasha saa tatu kamili wanapoingia, nanusa wakiwa wanakunywa maji, kengele inalia wakiwa wanaulizana, inaanguka wakiwa wamesimama, naiponya wakiwa wamenizunguka. Inaingia kama kisu kwenye ala yake.

Na mama mkwe? Nimemhesabu pia, mimi si mtu asiye na moyo. Dirisha la uthibitisho ni dakika mia moja na ishirini. Mimi nahitaji nane za kuanguka na kuponya. Zinabaki mia moja na kumi na mbili. Hata karani mwenye kidole kimoja atathibitisha kliniki nzima.

Nilimpa mama mkwe habari kwamba kesho jina lake litapita kwenye mashine yangu mwenyewe. Akanishika mkono. Akasema Mungu anibariki, baba, na kwamba amewaagiza nyumbani wampangusie cherehani vumbi.

Jumatano, 12 Machi

Naandika nikiwa stoo ya vifaa. Nimekaa juu ya boksi la nyaya. Si kwamba najificha. Ni kwamba huku kuna utulivu.

Saa tatu kamili niliwasha. Wageni hawakufika. Dakika ya kumi na tatu simu ikatetemeka. Wageni hawakufika. Ningeweza kusema pale pale kwamba kuna kitu kinakuja, lakini ningemwambia nani, mhasibu? Utabiri hauliwi kiporo. Nikangoja. Dakika ya ishirini na tatu kengele ya Shahada ikalia. Dakika ya ishirini na nane viti vikajaa. Dakika ya thelathini, simu zote za ofisi zinalia na Mkurugenzi yuko dirishani anapunga mkono, gari la wageni likaingia.

Nikainuka. Nikavuta pumzi puani. Nikatamka kwamba kuna kitu kinakuja. Mgeni mmoja, mama mwenye kilemba kirefu, akauliza kama hicho kinachokuja si ndicho kile kilichokwisha kufika.

Nikaizima, nikaiwasha. Dakika sita. Kisha likatokea jambo ambalo hakuna mtu angelihesabu. Kumbe makarani wa kliniki zote hufanya uthibitisho nusu saa ya mwisho! Asubuhi wanapokea wagonjwa, kisha saa tatu na nusu ndipo wanakaa kuthibitisha. Miaka mitatu kanuni yangu inafanya kazi na hakuna aliyeniambia. Mimi nilihesabu dakika, kumbe wao ni watu. Walipoikuta imezinduka wakaingia wote kwa pamoja, na programu yangu nayo kila sekunde kumi inavuta kiti. Dakika kumi na tatu, chali tena.

Nikaizima mara ya pili. Ikagoma. Skrini nyeupe, duara linazunguka, wageni wanalitazama duara. Saa tatu na dakika hamsini. Saa nne kasoro tano. Nilianza kuisemesha. Saa nne kamili ikagonga kwenye ukuta. Saa nne na dakika mbili hifadhidata ikaamka, na jambo la kwanza ililofanya, kabla ya kumjibu mtu yeyote, ni kutekeleza kanuni yangu. Haikuchelewa hata sekunde. Majina mia mbili na kumi na mawili yasiyothibitishwa yakateremka mstari mmoja mmoja, na zamu zao zikaenda kwa wanaofuata.

Niliona jina la mama mkwe likipita. La themanini na saba.

Hapo Shahada akaja na karatasi mbili. Hakuinua sauti. Alikuwa ametoa orodha ya viti mara ile ya kwanza vilipojaa, jina kwa jina. Akaiweka juu ya meza yangu, mbele ya Mkurugenzi na wageni. Pua. Pua. Pua. Pua. Ukurasa mzima, na nyuma yake, na wa pili.

"Kaka," akasema, "waliokaa ni wewe."

Akaeleza, na alieleza polepole kana kwamba kuna mtoto chumbani. Programu yangu inaingia, inakaa, inauliza, lakini haiinuki. Inamwacha huyo amekaa, inaingia tena na mwingine. Wingu humwinua aliyekaa kimya saa nzima, si kabla. Kwa hiyo kila sekunde kumi naongeza mtu wangu mmoja, mpaka kliniki zinakosa pa kukaa. Mkurugenzi akauliza kama kufunga unapomaliza ni jambo gumu. Shahada akasema ni mstari mmoja. Akasema huwa upo kwenye sura ya mwisho ya kitabu chochote cha kujifunzia.

Viti mia moja na sabini vilikuwa vyangu. Nilizihesabu pua zote kuhakikisha. Hesabu yake ilikuwa sahihi, hilo namkubalia.

Mimi sikuwahi kuuliza ni nani. Niliuliza ni wangapi. Mimi ni mtu wa hesabu.

Akainama, akainua koti langu kwa vidole viwili, akachomoa waya. Skrini kubwa ikashuka hadi mia moja na arobaini, ikatulia. Yule mama wa kilemba akauliza kama nafasi ya Mkuu wa Uangalizi ni hiyo ninayopewa mimi. Nikaja stoo.

Kutoka hapa namsikia Shahada kwenye simu. Anapigia kliniki moja moja, anawaambia wapuuze mashine wafuate orodha yao ya karatasi ya jana. Kliniki thelathini na nne, dakika nne kila moja: dakika mia moja na thelathini na sita. Ningemsaidia. Sikuombwa.

Usiku, sasa niko nyumbani, na sijawaeleza lolote. Mama mkwe ameoga mapema, amekunja nguo za kesho, ameziweka kwenye kiti changu.

Alhamisi, 13 Machi

Nimetoroka kwenda kazini alfajiri, nikaacha mke wangu ampeleke mama. Nilijua watarudishwa mlangoni. Kutwa nzima nilipanga maneno. Niliandaa maelezo matatu, na katika yote matatu kosa ni la wingu.

Saa kumi nikafika nyumbani nikiwa na ndizi. Mama mkwe amelala, jicho la kulia limefunikwa bandeji, mdomo wazi, anakoroma. Amepasuliwa!

Mke wangu ndiye aliyenieleza, akinikazia macho kuliko kawaida. Walipofika, mashine ilisema jina la mama halipo, kwamba zamu ni ya bwana mmoja ambaye hakuwepo wala hakujua kama anatakiwa. Mama akakaa chini palepale na pochi yake, akasema haondoki. Karani wa mapokezi akafungua daftari lake la shule, anamoandika majina yote kwa penseli kwa sababu, alisema, mashine ile haina tabia. Mama alikuwa wa tano. Na kuna binti kutoka ofisini kwetu aliyekuwa amepiga simu jana yake, akawasihi wafuate karatasi. Mke wangu akauliza binti huyo ni nani. Mama anataka kumwombea kwa jina.

Nikamwambia ni mtu ninayemsaidia kazi.

Ijumaa, 14 Machi

Bandeji imetolewa asubuhi. Jioni nilimkuta kwenye kiti changu cha dirishani, sindano mkono mmoja, uzi mwingine. Akalowesha uzi mdomoni, akaulenga, ukapita. Mara moja tu. Akauchomoa, akautunga tena. Halafu tena. Mke wangu alikuwa amesimama jikoni na kijiko, machozi yanamshuka.

Mimi pia kitu kiliniingia jichoni. Nilikuwa nimeingia na vumbi la stoo.

Kisha mama akafumba lile jicho bovu, akanitazama kwa lile zima, kuanzia viatu. Akauliza hali yangu. Akasema nimekonda. Halafu akageuza shingo polepole kuelekea mlango wa chumba chake, uliokuwa wazi.

"Baba," akasema, "hii ya maziwa ni ya ng'ombe gani?"

Jumatatu, 17 Machi

Barua imetoka. Shahada ni Mkuu wa Uangalizi. Kiti chenye mikono kimepita mbele ya meza yangu kikibebwa na watu wawili, na nilisogeza miguu. Kanuni yangu imeondolewa mpaka iandikwe upya, na atakayeiandika ni yeye.

Mimi nimehamishiwa dawati la malalamiko. Kazi ni kupokea simu za wale mia mbili na kumi na wawili na kuwaomba radhi mmoja mmoja. Leo nimepokea kumi na tisa. Kwa mwendo huu nitamaliza siku ya kumi na mbili. Mzee mmoja aliyenyang'anywa zamu ya jino, kwa kuwa kliniki yake haikuwa na orodha ya karatasi, alinitukana kwa ufasaha ambao niliuandika pembeni. Wote wanauliza jambo moja: aliyefanya hivi ni nani? Nawaambia tunalifuatilia.

Mama mkwe amerudi kwake jana na cherehani inamngoja. Ameacha ndoo ya rangi sebuleni. Ameilipia mwenyewe. Rangi ya maziwa.

Kiti changu kimerudi. Nimekikalia jioni yote na hakikuwa kizuri kama nilivyokumbuka. Kimebonyea upande wake.

Alhamisi, 20 Machi

Nimelitafakari suala lote kwa utulivu, bila chuki, nami nimeona kosa lilikuwa wapi. Kosa lilikuwa jina. Nani alinituma kuiita "pua"?

Siku zote hizi nimekuwa nikimtazama Shahada kwenye ofisi yake yenye dirisha. Anangoja kengele zake saba zilie, basi. Hana habari ya kitakachokuja kabla hazijalia. Mtu akiweza kumwambia mapema, kwa wema tu, dakika ishirini kabla, Mkurugenzi angeona tofauti kati ya uangalizi na kusubiri.

Dawati la malalamiko lina ruhusa ya kuingia kwenye hifadhidata kusoma tu. Kusoma kunatosha. Kuna kompyuta nyingine kongwe stoo, nyuma ya boksi la nyaya. Nimeiwasha leo asubuhi. Inajiandikisha kwa jina "malalamiko", ambalo halitamshangaza mtu yeyote. Nimeiweka sekunde ishirini, si kumi, nimejifunza kiasi. Ule mstari mmoja wa kufunga nitauongeza Ijumaa ya wiki ijayo, simu zikipungua.

Saa tatu, viti mia moja na thelathini. Saa tatu na nusu, mia mbili na ishirini.

Inapanda bila sababu yoyote. Nilijua. Ule ugonjwa haukuwa mimi peke yangu.

Nimetoka stoo. Nimesimama nje ya mlango wa Shahada, nimevuta pumzi puani, na sasa nabisha hodi.